Barua ya wazi kwa ofisi iliyosema Babu yetu hakuwahi kuwapo

Jericho, Nairobi
6 Oktoba 2025

Kwa Wakuu wa Ofisi tuliyoiachia hati za Babu,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: JALADA LA ASKARI MSTAAFU LILILOPOTEA NA HAKI YA MJANE WAKE

Nawaamkua kwa heshima. Jina la ofisi yenu sitalitaja hapa, wala la karani yeyote. Mnajijua, na barua yenu yenye muhuri ninayo. Sina haja ya mtu kufutwa kazi. Nina haja ya hati za Babu zirudi nyumbani, na Nyanya apate kilicho chake, malipo ya mjane wa askari mstaafu, angali na nguvu ya kukitumia.

Hii ni barua yangu ya nane. Saba zilizotangulia nilizileta kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Sita hazikujibiwa. Ya saba ilijibiwa Juni mwaka huu kwa mistari minne, na mstari wa tatu ukasema kwamba ofisi haina kumbukumbu yoyote ya mtu mwenye jina hilo na nambari hiyo.

Nyanya hasomi Kiingereza. Nilimsomea jikoni, nikimweleza kwa Kiswahili mstari baada ya mstari. Alizima jiko, akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo mimi niliolewa na nani?"

Swali hilo ndilo limenitoa kwenye bahasha za kaki na kunileta hadharani. Mnasema faili haipo. Basi ipokeeni hii. Nitaandika yale yaliyokuwa ndani ya ile mliyoipoteza, na mengine ambayo faili haiyabebi.

Babu alizaliwa Mwala, Ukambani, mwaka 1942. Baba yake hakumshika akiwa mchanga. Alikuwa tayari ameandikishwa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la mkoloni la askari Waafrika, na mwaka 1944 alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakishuka bonde la Kabaw katika mvua na malaria kuelekea mto Chindwin. Alirudi mwaka 1946 na koti moja, blanketi moja, na maneno machache ya Kihindi aliyokuwa akiwatania nayo wenye maduka. Soko la Burma pale Jogoo Road lilipata jina lake kutokana na watu kama yeye. Kila tulipopita hapo kununua nyama, Babu alivua kofia. Tulidhani anawasalimia wauzaji.

Mwaka 1962 Babu naye akaingia Keya. Karani aliyemwandika hakujua Kikamba, wala hakuuliza mara mbili. Akaacha herufi moja ya jina. Ishikeni hiyo herufi, tutairudia. Mnamo 12 Desemba 1963 nchi ikapata uhuru, Keya wakawa Kenya Rifles, na yeye akawa askari wa taifa lake mwenyewe akiwa na miaka 21. Alitusimulia kwamba bunduki ilikuwa ile ile na viatu vile vile, lakini usiku huo hakulala kwa furaha.

Kabla ya mwezi kwisha serikali ikatangaza hali ya hatari kaskazini mashariki, na Vita vya Shifta, dhidi ya waasi waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vikaendelea hadi 1967. Babu alikuwa huko karibu muda wote: Garissa, Wajir, Mandera. Mwaka 1966 lori lao lilikanyaga bomu la ardhini kwenye barabara ya Modogashe. Alitoka hai, ila sikio la kushoto halikusikia tena hadi anakufa. Juu ya vita hivyo hakujisifu hata siku moja. Alisema wenyeji waliumia kuliko askari, kwamba aliona mifugo ikifa na familia zikikusanywa vijijini kwa lazima, na kwamba mtu anayesimulia vita akicheka hakuwa huko. Nimeona niyaandike hayo kwa sababu aliyasema, hata kama hayakupata nafasi kwenye fomu yenu.

Alistaafu Juni 1983 akiwa sajini, baada ya miaka 21. Jumapili ile ya 1 Agosti 1982, jeshi la angani lilipojaribu kupindua serikali, yeye alikuwa kambini Kahawa. Nyanya alilala sakafuni hapa Jericho na watoto wanne kwa siku mbili bila kujua kama mumewe yu hai.

Kisha akaanza maisha ya pili, ambayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Akawa muuzaji wa cherehani.

Kwa miaka 25 alizunguka Nairobi na mkoba wa ngozi wenye sindano, bobini, mikanda na chupa ya mafuta ya mashine. Uhuru Market, Gikomba, Kariokor, ngazi za giza za River Road, hakuna fundi asiyemjua. Walimwita Afande. Hakuwa na maneno mengi ya kuuza. Alikuwa akiipeleka mashine kibandani, anaweka kitambaa chini ya sindano, anamwambia fundi, "Shona." Fundi akiipenda, inabaki naye wiki nzima kabla hajatoa hata shilingi. Kampuni haikulipenda jambo hilo, na mara mbili alikatwa kamisheni kwa ajili yake. Aliendelea.

Aliuza kwa lipa polepole, na alikuwa na madaftari. Nawaomba msome sehemu hii kwa makini, wakubwa wangu, kwa kuwa inahusu kazi yenu. Alikuwa na madaftari 11 yenye majalada magumu. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: jina, soko, nambari ya kibanda, nambari ya mashine, tarehe, kilicholipwa, kilichobaki. Alijua kwamba fundi wa sare hupata pesa shule zinapofunguliwa Januari, kwa hivyo aliwapangia malipo makubwa Januari na madogo Juni. Pembeni aliandika kwa penseli. Ukurasa mmoja wa mwaka 1987 una maneno haya: "Mtoto amelazwa. Asisumbuliwe hadi Februari." Februari malipo yakaanza tena, na Novemba deni likaisha. Kibanda kilipoteketea Gikomba, na mnajua jinsi soko lile lilivyoungua mara nyingi, fundi alikuja kwa Babu kuthibitisha kwamba alikuwa amemaliza kulipa, kwa sababu risiti yake ilikuwa jivu. Babu alifungua daftari, akampa nakala.

Siku ya mazishi, mama mmoja mshonaji wa Uhuru Market alikuja Mwala kwa matatu tatu, akiwa na risiti ya cherehani ameifunga kwenye leso. Alisema mashine hiyo ilisomesha watoto wake watatu, naye hakutaka Afande azikwe bila mtu wa kusema hivyo.

Na alikuwa babu. Mama yetu alifanya kazi ya zamu kiwandani, kwa hivyo ni Babu aliyetuamsha, akapiga sare zetu pasi ya makaa hadi mikunjo ikasimama, akatuvusha barabara. Kwa kuwa sikio zima lilikuwa la kulia, sisi wajukuu watano tuligombania upande huo wa mkono wake, na ikabidi Nyanya atupangie zamu. Mimi nilikuwa na Jumatatu na Alhamisi. Hadi leo nikitembea na mtu mzima najikuta nimehamia kulia kwake.

Jumapili moja moja alituleta mjini, akatusimamisha Kenyatta Avenue mbele ya zile sanamu za shaba za wanaume watatu, askari na mpagazi, zilizowekwa kwa ajili ya Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, nayo yanasema kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Babu alitutaka tuyasome kwa sauti, zamu kwa zamu, na aliyekwama akarudia.

Alifariki Jumapili, 12 Machi 2023, kitandani mwake, Nyanya akiwa ameketi upande wa kulia.

Sasa malalamiko yetu.

1. Mlichukua hati asilia. Aprili 2023 Nyanya na mimi tulileta cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vitambulisho vyote viwili, na cheti cha Babu cha kuachishwa jeshi. Karani akaona ile herufi iliyoachwa mwaka 1962: jina la cheti na jina la kitambulisho hayalingani. Tukala kiapo mbele ya wakili. Hakikutosha. Tukaambiwa tulete ushahidi mwingine wa jeshini, nasi tukaleta medali zake mbili, moja ikiwa na nambari yake imechongwa ukingoni. Karani akaisoma nambari, akaridhika, akaweka kila kitu ndani ya bahasha akisema vitarudishwa baada ya siku 14. Tulipewa kikaratasi chenye muhuri, tarehe na sahihi. Ninacho. Siku 14 zimekuwa miaka miwili na nusu.

2. Mmemchosha mama mzee. Nyanya ana miaka 78 na magoti mabovu. Amekuja kwenu mara 14. Lifti yenu haifanyi kazi, kwa hivyo hupanda orofa nne akishika ukuta, akipumzika kila zamu ya ngazi. Huko juu amejibiwa kwamba mfumo umelala, kwamba aliyekuwa na faili yuko likizo, kwamba aliyekuwa na faili amehamishwa, kwamba alete barua ya chifu, kwamba barua ya chifu imepitwa na wakati, alete nyingine. Ibara ya 57 ya Katiba inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata msaada unaofaa kutoka kwa familia na serikali. Sisi familia tumefanya letu; mimi humshika mkono wa kulia na dada yangu wa kushoto. Upande wa serikali ni ninyi.

3. Mmekana kwamba alikuwapo. Hili ndilo linaloniuma. Babu alilipwa pensheni kila mwezi kuanzia 1983 hadi Machi 2023, karibu miaka 40. Taarifa za benki tunazo. Kama hamna kumbukumbu yake, mlikuwa mkimlipa nani? Na Aprili 2023, mwezi mmoja baada ya kifo, malipo yalisimama bila kukosea hata shilingi moja. Kumbukumbu iliyotosha kumfungia malipo ilikuwapo. Ya kumlipa mjane wake ndiyo isiyoonekana.

Si mara ya kwanza majina yetu kupotea, ndiyo maana siwezi kulichukulia jambo hili kama kosa dogo la kabati. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa wakihudumu katika Vita Kuu ya Kwanza, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Ndio wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo, waliotuachia jina Kariokor. Mkoloni aliwahesabu kama mizigo. Ilichukua zaidi ya miaka 100 mtu kuomba radhi. Lakini Babu alihudumu miaka yake mingi chini ya bendera yetu, nambari yake ilitolewa upya na serikali yetu, na hati zake zilipotea juzi, mikononi mwa Wakenya wenzake. Hapa hakuna mkoloni wa kumlaumu.

4. Mlimkatalia lugha yake. Barua ya kwanza Nyanya aliisema mwenyewe, mimi nikaiandika kwa Kiswahili. Ilirudishwa dirishani, tukaambiwa maombi huandikwa kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Nikaandika upya kwa Kiingereza kwa sababu tulikuwa na haraka. Najuta. Barua hii mtaisoma kwa Kiswahili.

5. Si sisi pekee. Kwenye benchi lenu tumekaa na wajane wengine, mmoja akitoka Kitui usiku ili afike saa mbili asubuhi. Siwezi kuwasemea, watasema wenyewe.

Najua mtakayojibu, kwa maana nimeyasikia.

Mtasema faili ni za zamani. Ni kweli, lakini faili hii ilifunguliwa na kusomwa mbele yetu Aprili 2023. Karani alikuwa ameishika. Ilikuwa ya kijani, imefungwa kwa uzi mweupe. Haikupotea mwaka 1962.

Mtasema kuna walaghai wanaodai pensheni za marehemu. Wapo, na nawaunga mkono kuwakagua. Ila mlaghai haleti hati asilia na kuziacha. Wala harudi mara 14 akiwa na magoti mabovu.

Mtasema karani aliyepokea amehamishwa. Sahihi yake ipo, na muhuri ni wa ofisi, si wake.

Juu ya ile herufi moja sina la kuongeza. Mlituomba ushahidi, tukauleta, mkaukubali.

Kwa hivyo tunaomba haya:

Kwanza, chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, mtuandikie ni nani alipokea bahasha yetu, ilipelekwa wapi na iko wapi leo. Sheria hiyo inawapa siku 21. Zinaisha 27 Oktoba.

Pili, mturudishie cheti cha jeshi na medali zote mbili. Kama zimepotea, mseme zimepotea, kwa maandishi, na afisa atie sahihi yake.

Tatu, mfute ule mstari wa tatu. Tunataka barua mpya inayosema kwamba Babu alihudumu kuanzia 1962 hadi 1983, na kwamba jina la kitambulisho na jina la cheti ni la mtu mmoja.

Nne, ombi la Nyanya liamuliwe. Mkikataa, mtupe sababu kwa maandishi, kama Ibara ya 47 inavyowataka, ili tujue pa kukata rufaa.

Siku hizo 21 zikipita kimya, tutapeleka kikaratasi chenye muhuri, taarifa za benki na barua zote nane kwa tume inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Tumeshatoa nakala.

Oktoba ni mwezi wa kukumbuka. Tarehe 14 ni siku ya jeshi letu, tarehe 20 ni Mashujaa. Mwaka jana Nyanya alitazama gwaride kwenye runinga, kisha akaniuliza kama wale wakubwa waliokaa jukwaani wanaijua ofisi yenu. Sikuweza kumjibu.

Jumatatu, 27 Oktoba, saa mbili asubuhi, tutafika. Safari hii Nyanya hatapanda ngazi. Ataketi kwenye benchi la chini, karibu na dawati la mlinzi, akiwa na daftari la mwaka 1987 mapajani. Namwomba mmoja wenu ashuke akiwa na bahasha yetu, au akiwa na maelezo. Akae upande wowote. Nyanya anasikia vizuri kwa masikio yote mawili.

Wenu kwa heshima,

Mjukuu wake wa kwanza,
kwa niaba ya Nyanya na familia.